Pande la Kitanda Namba Nne

Ofisi ya malalamiko ya hospitali zamani ilikuwa stoo ya mashuka, na hadi leo ukifungua mlango unapokewa na harufu ya sabuni ya unga. Humo ndimo alimofanyia kazi Sajini tangu alipostaafu upolisi na goti lake bovu. Cheo alikirudisha pamoja na sare, lakini kuanzia mkurugenzi hadi mfagiaji, hakuna aliyemwita kwa jina jingine.

Alhamisi hiyo, saa tatu na nusu asubuhi, alikuwa na jalada moja mezani. Saa nane mchana kamati ya nidhamu ingekaa kumjadili muuguzi wa wodi ya upasuaji, na kamati yenyewe haikusifika kwa kusikiliza; ilisifika kwa kuwahi kurudi nyumbani. Kama hilo halikutosha, kesho yake saa mbili asubuhi mgonjwa wa kitanda namba nne angerudishwa chumba cha upasuaji kwa mara ya pili. Mguu wake ulikuwa umebakiza nafasi hiyo moja. Ikiharibika, unakatwa.

Mgonjwa alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama wa miaka sitini na minne. Gari lililokuwa likirudi nyuma mbele ya duka lilimvunja mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, mfupa ukachungulia nje. Mfupa ulishaungwa. Kilichobaki kilikuwa kuufunika. Ijumaa iliyopita daktari alichukua pande la ngozi kutoka kwenye shavu la mguu huohuo, akaligeuza likalala juu ya mfupa. Jumanne asubuhi nusu ya pande hilo ilikutwa imekufa, nyeusi na ngumu.

Barua ya malalamiko iliandikwa na mwanawe mkubwa, kurasa mbili, nakala kwa watu wanane. "Muuguzi alimkaza mama yangu bendeji kama mtu anayefunga mzigo wa kuni," iliandikwa, na chini yake kulibandikwa picha ya alama za bendeji kwenye ngozi. Picha ilikuwa mbaya, na kamati hupenda picha.

Muuguzi aliitwa kwanza. Wodini walimpa jina la Sista Saa, kwa sababu hakuna alichokiandika bila saa na dakika. Alikuja na nguo za nyumbani, maana tangu Jumanne alikuwa amesimamishwa kazi.

"Ulikaza bendeji?" Sajini aliuliza hata kabla hajakaa vizuri.

"Niliifunga. Kufunga na kukaza ni vitu viwili."

"Lini?"

"Jumapili saa tatu na dakika kumi asubuhi. Ya daktari ilikuwa imelowa. Nilipomaliza nilipitisha vidole viwili chini yake, vikapita."

"Kuna shahidi?"

"Vidole vyangu." Alitoa tabasamu dogo lisilofika popote. "Na chati. Kila saa nililipima pande joto, nikaandika. Kwenye ngozi yetu rangi inachelewa kusema, Sajini. Joto ndilo linalowahi."

"Kamati itasema chati uliijaza baadaye, ulipoona mambo yameharibika."

"Najua watakavyosema. Ndiyo maana nimekuja nimeshalia kabisa, nisije nikalia mbele yao." Akatazama rafu zilizokuwa za mashuka. "Unajua ni nani aliyenifundisha kuandika saa kwenye kila kitu? Ni yeye. Huyo mgonjwa. Alinifundisha Kiswahili darasa la sita na la saba. Alikuwa akisema maandishi yasiyo na tarehe ni ya mwizi."

Sajini aliacha kuandika. "Anajua kuwa ni wewe?"

"Alinitambua siku aliyoletwa. Alisema mwandiko wangu bado umelala upande mmoja."

"Na hajakutetea?"

"Sijamwomba. Mgonjwa haombwi kitu." Alikunja vidole mapajani. "Ila kuna kiyoyozi juu ya kitanda kile, kinaelekea miguuni. Baridi nayo inaua pande. Labda uanzie hapo."

Sajini alianzia hapo. Alimpigia fundi wa umeme, wakazungumza nusu dakika. Kiyoyozi cha juu ya kitanda namba nne kilitolewa mota mwezi uliopita, ikapelekwa kwenye chumba cha dawa. Kilichobaki ukutani kilikuwa pambo.

Sajini alimkuta daktari wa upasuaji kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akijizoeza kushona kwenye ganda la chungwa. Wenzake walimwita Mshonaji. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Nieleze kama unamweleza polisi mzee," Sajini alisema, akivuta kiti. "Kwa nini ukachukua pande zima? Si mngeweka kiraka tu?"

"Kiraka ni ngozi nyembamba isiyo na mshipa wake. Ukiilaza juu ya nyama hai inanyonya kutoka chini, siku chache mishipa mipya inaingia, imeshika. Ukiilaza juu ya mfupa mtupu haina cha kunyonya, inakufa. Pande linakuja na mshipa wake. Nalikata kuzunguka, naliachia upande mmoja ambao mshipa unapita, nalizungusha."

"Sasa linaishi kwa mshipa mmoja."

"Mmoja, mwembamba. Na ncha ndiyo iko mbali zaidi na mshipa, kwa hiyo ncha ndiyo inayoanza kufa."

"Linakufa kwa nini?"

Mshonaji aliweka chungwa chini. "Mshipa ukipindika wakati wa kuzungusha. Damu ikivuja na kujikusanya chini yake. Bendeji ikibana. Baridi. Presha ikishuka, wadudu wakiingia, sukari ikiwa juu. Tumbaku."

"Tumbaku na mguu wapi na wapi?"

"Moshi si hoja. Ile sumu yake, nikotini, inapita kwenye damu na kubana mishipa midogo. Wewe na mimi hatutaisikia. Pande linaisikia. Lakini huyu mama havuti. Fomu inasema havuti, na mimi mwenyewe nilimuuliza. Aliniangalia kama nimemtukana."

"Presha? Sukari?"

"Safi kuliko zangu."

Sajini alimwacha anyamaze kidogo. Katika miaka yake ya upolisi alijifunza kwamba mtu aliyechoka hujaza ukimya mwenyewe.

"Nafikiri ni mimi," Mshonaji alisema hatimaye. "Nafikiri niliupinda mshipa. Sina hakika, na mtu asiye na hakika hawezi kwenda mbele ya kamati. Nimekaa kimya wakamtoa Sista kafara, na ninaona haya kusema hivyo mbele yako."

"Haya tutayashughulikia baadaye. Ulilitazama pande Jumatatu?"

"Jioni, saa kumi na mbili kasoro. Lilikuwa la baridi. Nikalichoma sindano."

"Ukaona nini?"

"Damu ilitoka kwa shida, tone moja, nyekundu kabisa." Aliposema hivyo aliinua kichwa mwenyewe, kana kwamba ndiyo kwanza anayasikia maneno yake.

"Endelea."

"Bendeji ikibana, inayoziba kwanza ni mishipa laini ya kurudisha damu. Damu inaingia, haitoki. Pande linavimba, linakuwa la samawati, ukilichoma inakumwagikia damu nyeusi. Hili halikuvimba. Hili lilikosa damu ya kuingia."

"Kwa hiyo si bendeji."

"Pengine si bendeji. Lakini mshipa uliopindika ungefanya hivyohivyo."

"Na pale ulipolitoa pande, kwenye shavu la mguu, ulipaacha wazi?"

"Nilipafunika kwa kiraka cha kutoka pajani. Bendeji yake niliifunga mwenyewe na nikaagiza isiguswe hadi siku ya tano. Nimeifungua jana." Alisita. "Theluthi haikushika. Sielewi. Chini yake kulikuwa na nyama nzuri kabisa."

"Kiraka kinategemea ule mshipa wako uliopinda?"

"Hata kidogo."

"Na Sista aligusa bendeji hiyo?"

"Hakuna aliyeigusa."

Sajini alisimama, goti likalia. "Mikono miwili, bendeji mbili, hasara moja," alisema. "Wewe hukuharibu vyote viwili, na yeye hakuharibu vyote viwili. Kuna mtu wa tatu."

Wodi ilikuwa na vitanda sita na dirisha refu. Mwalimu alikuwa ameegemea mito, mguu umeinuliwa, miwani puani, gazeti mkononi. Kwenye gazeti alikuwa akisahihisha makosa kwa kalamu nyekundu. Ukurasa wa mbele ulikuwa umejaa majeraha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Mimi natoka ofisi ya malalamiko. Sitakuchukulia masaa mengi."

"Saa nyingi," alisema bila kuinua macho. "Saa haina ma."

"Saa nyingi," Sajini alikubali. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, lakini ghafla alijikuta ameficha mikono nyuma. "Nilitaka kuuliza juu ya bendeji. Ilikubana?"

"Hapana. Yule binti alinifunga vizuri."

"Mwanao ameandika vingine."

"Mwanangu ni mtu mzima, ana kalamu yake." Aliinua leso ya kahawia akajipangusa pembe ya mdomo. Alizungumza na mdomo wa chini umemtuna kidogo, kama mwenye jino linalosumbua.

"Umemwambia kuwa alikosea?"

"Hajaniuliza."

"Mwalimu, Sista anaweza kupoteza leseni leo mchana."

Kalamu nyekundu ilisimama juu ya neno fulani, kisha ikaendelea. "Watamkanya," alisema. "Watu hukanywa, wakarudi kazini."

Sajini alitazama kabati dogo la pembeni. Kulikuwa na chupa ya maji, sega, kifuko cha miwani. Kwenye foronya, upande wa kulia, kulikuwa na doa dogo la hudhurungi.

"Chai imekumwagikia?"

"Sinywi chai. Daktari alinikataza kahawa siku nilipolazwa, nikaacha na chai palepale. Mimi nikikatazwa huwa ninaacha."

"Na sigara?"

Hapo ndipo alipomtazama, kwa mara ya kwanza, juu ya miwani. "Sijavuta tangu nizaliwe. Na nimewachapa wengi kwa ajili hiyo."

Sajini alishukuru akatoka. Lile doa alitoka nalo kichwani.

Mlangoni alikaa mlinzi, mama mnene mchangamfu mwenye daftari la wageni lililofungwa kamba kwenye meza, wasije wakaliiba, ingawa Sajini hakuelewa nani angelitaka. Aliomba alione.

"Lione, lakini usilitoe kamba," mlinzi alisema. "Unamtafuta nani?"

"Wageni wa kitanda cha nne."

"Huyo ana mgeni mmoja wa kudumu, mdogo wake. Ndiye wanayemwita mama mdogo. Mchana yupo, jioni yupo. Kila siku na kikapu, maana anasema hawezi kuja kumwona dada yake mikono mitupu. Mimi kikapu nakikagua, ni matunda na taulo." Akainama karibu. "Kinachonichekesha ni salamu zao. Wameshazeeka wote wawili, wamezaliwa tumbo moja, lakini akija wanashikana mikono, akiondoka wanashikana mikono, muda mreeefu, kama wakubwa waliotiliana saini."

"Kila siku?"

"Kila siku, isipokuwa Jumapili jioni. Maji yalijaa barabarani, hakuja mtu."

Sajini alikaa kwenye benchi la korido, akatoa mfukoni karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita. Nyuma ya kalenda ndiko alikofanyia kazi zake zote. Alidai kwamba siku zilizokwisha hazina ubishi. Akapiga mstari mrefu, akagawa siku. Juu ya mstari aliandika joto la pande kutoka chati ya Sista. Chini aliandika saa za mama mdogo kutoka daftari la mlinzi.

Jumamosi mchana mama mdogo aliingia saa sita na dakika tano. Saa saba pande lilishuka kutoka nyuzi thelathini na tatu hadi thelathini, na saa tisa likawa limerudi. Saa kumi jioni akaingia tena, na saa kumi na moja pande likashuka tena. Na hiyo ilikuwa Jumamosi, siku nzima kabla Sista hajaigusa bendeji. Jumapili mchana ikawa vilevile. Jumapili jioni, mvua ilipomzuia mgeni na bendeji ya Sista ikiwa tayari mguuni, pande lilikaa thelathini na tatu saa zote hadi alfajiri. Jumatatu lilishuka mara mbili, na kila mara lilichelewa zaidi kupanda. Jumanne ncha ilikuwa imekufa.

Alirudia kuhesabu, maana mstari ulionyooka hivyo humtia askari wasiwasi. Sista angeweza kughushi chati. Asingeweza kuighushi ifuatane na daftari lililofungwa kamba, ambalo hakuwahi kulifungua.

Saa sita kasoro dakika kumi alichukua fomu ya kupokelea mgonjwa. Swali la tisa lilichapwa hivi: "Unavuta sigara?" Jibu, kwa mwandiko uliolala upande mmoja, lilikuwa "Hapana." Sajini alilisoma swali mara tatu, kisha akacheka peke yake, kicheko kifupi kisicho na furaha.

Kengele ya wageni ilipolia alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha kitanda namba nne. Alimwomba Mshonaji awe karibu, na Sista asimame nje ya mlango. Mama mdogo aliingia wa kwanza, mwembamba, kikapu mkononi, na nyuma yake mtoto mkubwa wa Mwalimu, mtu anayekaribia miaka arobaini, mwenye tai na jalada. Alikuwa amejiandaa kwa kamati.

Mama mdogo alikwenda moja kwa moja akashika mkono wa dada yake kwa mikono yake miwili. "Umeamkaje, dada?" Salamu ikachukua muda. Walipoachana, mkono wa kulia wa Mwalimu uliingia chini ya shuka ukiwa umefumbwa.

"Umeshamaliza uchunguzi?" mwenye tai aliuliza.

"Karibu. Nina madaftari mawili yasiyojuana," Sajini alisema, akatandaza kalenda juu ya shuka. Aliwaonyesha pande lilivyopoa, na saa zilizoandikwa chini yake. "Kila mama mdogo akija, pande linapoa. Asipokuja, lina joto."

Mama mdogo akashika kifua. Mpwa wake alimtazama, akamtazama Sajini.

"Unataka kusema mama mdogo anamroga mama?"

"Mimi ni polisi, si mganga."

"Niroge dada yangu?" mama mdogo aliuliza. "Aliyenibeba mgongoni?"

"Hakuna aliyesema hivyo, mama. Keti." Sajini alikunja kalenda polepole. Alimgeukia Mwalimu kwa sauti ya mazungumzo tu. "Doa la foronya limenikumbusha marehemu mama yangu. Asubuhi akiamka, kabla hajasema na mtu, lazima kwanza avute ugoro. Na baada ya chakula, avute ugoro tena. Alikuwa mvutaji ugoro hodari..."

"Ugoro hauvutwi," Mwalimu alisema.

Lilimtoka lenyewe, kama lilivyomtoka mbele ya madarasa miaka thelathini na mitatu.

"Ndiyo, Mwalimu?"

"Ugoro hunuswa, au hubwi..." Akanyamaza. Leso ilipanda nusu ya njia kuelekea mdomoni, ikabaki hapo.

"Hubwiwa," Sajini alimalizia. "Na wewe, Mwalimu, unaunusa au unaubwia?"

Mwalimu alimtazama mdogo wake, kisha mwanawe, kisha mguu. Aliona aibu, na kwa kuwa hakuizoea, ilimkaa vibaya usoni. Akautoa mkono chini ya shuka, akaufumbua. Katikati ya kiganja kulikuwa na kikaratasi kilichosokotwa, kidogo kama harage.

"Naubwia," alisema. "Miaka thelathini na tisa."

"Mama," mwanawe alisema.

"Nilianza ulipokuwa tumboni. Usinikazie macho."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Ulikuwa na miaka kumi na mitatu nikakukuta na kipisi cha sigara, nikakuchapa hadi jirani akaja kuamua. Ningekwambiaje baada ya hapo?"

Mama mdogo alikuwa ameanza kulia. "Aliniambia bila hicho halali. Manesi wakitandika kitanda watakiona, kwa hiyo namletea kidogo mkononi, karatasi narudi nayo. Sikujua kinaingia mguuni. Nani angejua kinaingia mguuni?"

"Mimi nilijua," Mwalimu alisema.

Kila mtu alimgeukia.

"Sikujua kwa hakika, lakini daktari aliponieleza habari ya sigara na mishipa nilifahamu. Mimi si mjinga. Niliulizwa kama navuta, nikajibu sivuti. Jibu lilikuwa sahihi." Alisita, akalirudia taratibu. "Jibu lilikuwa sahihi. Basi nikajiambia, kosa ni la mtunga swali."

Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Huyu alikuwa ameumbuliwa na kitenzi.

Mshonaji alisogea hadi miguuni mwa kitanda. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo na kuonyeshwa mwingine papo hapo. "Kesho hatupasui," alisema. "Mama, nikipasua kesho na hicho kitu kimo kwenye damu, nitaua pande la pili, na la tatu hatuna. Nusu iliyobaki inanisaidia kushikilia. Tutakisafisha kidonda na kukifunika vizuri, tungoje wiki tatu, nne zikiwezekana. Wiki hizo usibwie hata punje. Ukibwia nitajua, pande litaniambia."

"Na nikishindwa?"

"Ukishindwa nitaukata mguu chini ya goti. Sikufichi."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Kisha akanyoosha mkono kwa Sajini. "Nipe chati ya yule binti."

Aliisoma yote, siku kwa siku, kidole kikitembea juu ya saa na dakika. Alikuta zote. Alipofika Jumapili alfajiri, ambapo Sista aliandika "saa kumi na dakika mbili, joto 33, mgonjwa amelala," alivua miwani akaipangusa kwa shuka, ingawa haikuwa na vumbi.

"Na fomu."

Sajini akampa. Kalamu nyekundu ilikata swali la tisa kwa mstari mmoja ulionyooka. Juu yake akaandika: *Unatumia tumbaku kwa njia yoyote, kuvuta, kunusa, kubwia au kutafuna?* Akakata "Hapana," akaandika "Ndiyo." Chini akaandika sentensi tatu: kwamba bendeji haikumbana, kwamba muuguzi hana kosa, kwamba kosa ni lake yeye mwenyewe. Akatia saini, akamuuliza Sajini saa ngapi.

"Saa saba kasoro dakika nne."

Akaandika saa na tarehe. Mwanawe alilitazama lile jalada alilolibeba, akalifunga, akaliweka sakafuni.

"Nitakwenda kwenye kamati," alisema. "Nitaiondoa barua."

"Utaiondoa na utamwomba radhi, mbele ya watu wanane uliowapelekea nakala."

"Ndiyo, mama."

Sajini alimwita Sista. Aliingia na nguo zake za nyumbani, akasimama pale wanafunzi wanaposimama wakiitwa mbele. Mwalimu alimkabidhi kile kikaratasi bila kusema ni kitu gani, na Sista hakuuliza. Alikitazama, akatazama fomu yenye wino mwekundu, akaelewa. Kisha akageuza mkono, akauweka mgongo wa vidole kwenye nusu ya pande iliyobaki.

"Bado lina joto," alisema.

"Andika," Mwalimu alimwambia.

Kengele ya kutoka wageni ililia. Mama mdogo alichukua kikapu, macho yamevimba. "Basi nisije, dada? Wiki zote hizo nisije?"

"Uje. Nani atanisemesha nikianza kuwehuka? Uje mchana na jioni."

"Nije na nini?"

Mwalimu alimpa mkono wa kuagana, kiganja juu, vidole vimefunguka vyote.

"Njoo mikono mitupu," alisema.